Msomaji, Mikono na Tarakimu: Ugeuzaji wa Mashine za Mkono kuwa za Tarakilishi katika Karakana ya Nyumbani

Utangulizi

Wapenzi wa Kiswahili wamezoea kuijadili tarakilishi kama chombo cha kuandikia, kutafsiria na kuhifadhia matini. Ni nadra kwao kuitazama kama chombo kinachokata chuma. Hata hivyo, katika karakana nyingi ndogo, zikiwemo zile zilizomo gerejini na katika vibanda vya nyuma ya nyumba, tarakilishi imefungwa kwenye mashine ambazo awali ziliendeshwa kwa mkono wa fundi. Mwenye karakana huondoa magurudumu ya mkono, akatia mota mahali pake, kisha akaiachia tarakilishi kazi ya kuisogeza meza au kisu.

Makala haya yananuia kueleza jinsi ugeuzaji huo unavyofanywa, mambo yanayoufanya ufaulu au uharibike, na maana yake kwa maarifa ya fundi. Hoja kuu ni kwamba kugeuza mashine ni zaidi ya kufunga mota. Ni kuyatamka kwa tarakimu mambo ambayo mkono wa fundi uliyajua bila kuyasema. Jambo lisilotamkwa, mashine haitalijua, na gharama yake hulipwa kwa chuma kilichoharibika, kisu kilichovunjika au kidole kilichokatika.

Mashine zinazogeuzwa kwa wingi ni za aina mbili. Ya kwanza ni kerezo, ambalo huizungusha kazi huku kisu kikisogezwa kuikata. Ya pili ni mashine ya kuchonga, ambayo kisu chake huzunguka ilhali kazi imefungwa katika jiliwa juu ya meza inayosukumwa. Meza hiyo huenda kushoto na kulia katika mhimili wa X, mbele na nyuma katika mhimili wa Y, na kisu au meza hupanda na kushuka katika mhimili wa Z. Makala haya yanajikita katika mashine ya kuchonga, kwa kuwa ndiyo inayodhihirisha vyema matatizo yote ya ugeuzaji.

Chimbuko: Mtu Aliyesoma kwa Sauti

Katika miaka ya 1940, John T. Parsons wa Traverse City, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, alikuwa akishughulika na utengenezaji wa mapanga ya helikopta. Umbo la panga la helikopta ni mkunjo usioweza kuchorwa kwa bikari. Parsons na mhandisi wake, Frank Stulen, waliutatua ugumu huo kwa kukokotoa nukta nyingi zilizokaribiana katika mkunjo huo na kuziandika kama orodha ya tarakimu. Mtu mmoja aliisoma orodha hiyo kwa sauti. Wengine wawili walishika magurudumu ya mashine, mmoja akiusimamia mhimili wa X na mwenziwe mhimili wa Y. Kila jozi ya tarakimu iliposomwa, waliipeleka mashine mahali palipotajwa, kisha kisu kikashushwa.

Ni dhahiri basi kwamba kabla ya waya na mota, mfumo huu ulikuwa wa masimulizi: msomaji mmoja na wasikilizaji wawili. Kilichofuata kilikuwa ni kumwondoa msomaji na kuiondoa mikono. Mnamo mwaka wa 1949 Parsons alipata kandarasi ya Jeshi la Anga la Marekani, na utafiti ukahamia katika chuo cha MIT. Mwaka wa 1952 chuo hicho kilionyesha hadharani mashine iliyosoma tarakimu kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Mashine yenyewe haikuundwa upya. Ilikuwa mashine ya kuchonga ya kampuni ya Cincinnati, ya aina ya Hydro-Tel, iliyofanyiwa marekebisho na kuunganishwa na kabati lililojaa vali za elektroniki. Kwa hivyo anayegeuza mashine nyumbani leo hafanyi jambo la pembeni. Anairudia hatua ya kwanza kabisa ya historia hii.

Ikumbukwe kwamba palikuwa na njia nyingine. Karibu na kipindi hicho hicho, kampuni ya General Electric ilijaribu mfumo ambao fundi aliitengeneza kazi ya kwanza kwa mikono yake huku mienendo ya mashine ikinaswa katika utepe wa sumaku. Utepe huo ulipochezwa upya, mashine iliirudia kazi ya fundi yule. Katika mfumo huu ujuzi ulianzia mkononi, ilhali katika ule wa MIT ulianzia kwenye hesabu ofisini. Mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake Forces of Production cha 1984, alishikilia kwamba mfumo wa ofisini haukushinda kwa ubora wa kiufundi pekee. Ulipendwa pia kwa sababu uliyahamisha maarifa kutoka kwa fundi hadi kwa wasimamizi.

Fasihi haikulinyamazia suala hili. Kurt Vonnegut, aliyewahi kufanya kazi General Electric, alichapisha riwaya ya Player Piano mwaka huo huo wa 1952. Humo mna mhusika Rudy Hertz, fundi stadi ambaye mienendo yake kwenye kerezo ilinaswa katika utepe, kisha utepe ukayaendesha makerezo bila yeye. Swali la riwaya hiyo ndilo swali la makala haya: ujuzi wa mkono ukishageuzwa kuwa tarakimu, ni nani anayeumiliki?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la wenye viwanda, kwani vifaa vya kudhibiti mashine vilikuwa ghali mno. Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1990, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipounda programu ya kudhibiti mashine na kuiachia umma. Programu hiyo ndiyo iliyokua ikawa LinuxCNC ya leo. Mwaka wa 2009 ilitokea programu ya Grbl, inayotoshea katika kijibao kidogo cha Arduino. Tangu hapo, mtu mwenye mashine kuukuu na subira ameweza kuwa na mfumo ambao zamani ulihitaji bajeti ya jeshi.

Mashine Kwanza, Mota Baadaye

Kosa la kawaida katika ugeuzaji ni kuanza kwa kununua mota. Mashine ya mkono huwa na udhaifu ambao fundi ameuzoea hata akausahau. Udhaifu mkuu ni mwanya uliopo baina ya parafujo inayoisukuma meza na nati yake. Gurudumu likizungushwa upande mmoja, meza husogea. Likizungushwa upande wa pili, huzunguka kidogo bure kabla meza haijaanza kurudi. Katika makala haya nafasi hiyo inaitwa mwanya wa kurudi. Katika mashine iliyotumika miaka mingi, mwanya huu waweza kuwa sehemu mbili za kumi za milimita au zaidi, yaani takriban unene wa karatasi mbili za kawaida.

Fundi wa mkono haukarabati mwanya huo kila siku, anaishi nao. Huifikia kila nukta akitokea upande uleule. Akiipita, hurudi nyuma kupita kiasi, kisha huijia tena kutoka upande aliouzoea. Aidha, huukaza mhimili usiotumika ili usitikisike. Haya yote huyafanya huku akizungumza na mwenziwe, bila kuyafikiria. Tarakilishi haiyafanyi. Ikiagizwa kuchonga duara, meza hulazimika kubadili mwelekeo katika sehemu nne za duara hilo, mara mbili kwa kila mhimili. Katika kila sehemu, parafujo huzunguka kuuziba mwanya ilhali meza imesimama. Matokeo yake ni duara lenye vidato vinne ambavyo kidole huvihisi hata kabla ya jicho kuviona.

Lipo tatizo kubwa zaidi. Kisu kikikata kwa kuelekea upande uleule ambao kazi inasogea, huivuta kazi kuelekea kwake. Meza yenye mwanya hurukia kisu, na kisu huvunjika. Zipo programu zinazoweza kuujazia mwanya kwa hesabu, kwa kuongeza mzunguko kidogo kila mwelekeo unapobadilika. Hesabu hiyo huipeleka meza mahali pake, lakini haiishiki isivutwe. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo haihitaji tafsiri.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kupima. Saa ya kupimia huegemezwa kwenye meza, na gurudumu huzungushwa upande mmoja hadi akrabu isogee. Kisha huzungushwa kinyume, na idadi ya alama zinazopita kwenye gurudumu kabla ya akrabu kurudi ndiyo mwanya wenyewe. Baada ya hapo meza husukumwa kwa mikono miwili. Ikicheza, huenda tatizo likawa katika beringi za mwisho wa parafujo wala si katika nati. Kabari zinazoibana meza kwenye njia zake hurekebishwa hadi meza iteleze bila kutikisika na bila kukwama mahali popote.

Ikiwa mwanya bado ni mkubwa, parafujo ya kawaida hubadilishwa na kutiwa parafujo ya gololi. Hii ni parafujo ambayo nati yake hubingirika juu ya gololi za chuma badala ya kusuguana nayo. Mwanya wake ni mdogo sana na haihitaji nguvu nyingi kuizungusha. Sifa hii njema ina upande wa pili. Parafujo ya kawaida huizuia meza kwa msuguano wake, ilhali ile ya gololi huweza kuzungushwa na uzito wa kitu inachokibeba. Kichwa cha mashine katika mhimili wa Z kinaweza kushuka chenyewe umeme ukikatika. Lazima kiwekewe uzani wa kukisawazisha au breki ya mota.

Mota na Hesabu Zake

Mota inayopendwa zaidi katika karakana za nyumbani ni mota ya hatua. Haizunguki mfululizo kama mota ya feni, bali huenda hatua moja kwa kila mpigo wa umeme inaopokea. Mota ya kawaida ya aina hii huhitaji hatua 200 kukamilisha mzunguko mmoja, yaani nyuzi 1.8 kwa hatua. Ikiwa parafujo huisogeza meza milimita 5 kwa mzunguko mmoja, basi hatua moja ni milimita 0.025.

Kiendeshi cha mota huweza kuigawa kila hatua katika vijihatua vidogo. Zikigawanywa kwa 8, mzunguko mmoja huwa na vijihatua 1,600, na milimita moja huwa na vijihatua 320. Tarakimu hii ya 320 ndiyo anayoiandika mgeuzaji katika programu yake, na akiikosea kila kipimo kitakuwa cha uongo. Meza ikitakiwa kwenda milimita 1,200 kwa dakika, sawa na milimita 20 kwa sekunde, tarakilishi hulazimika kutoa mipigo 6,400 kila sekunde bila kusita. Hii ndiyo sababu programu nyingine huhitaji tarakilishi iliyoandaliwa mahususi, au kijibao cha kando kinachotoa mipigo hiyo.

Vijihatua vingi havimaanishi usahihi mkubwa. Kuelekeza si kufuma. Mota huelekezwa kwenye kijihatua, lakini mzigo wa kisu huweza kuichelewesha. Isitoshe, nguvu ya mota ya hatua hupungua kadiri kasi inavyoongezeka. Mota ikilemewa hupoteza hatua, na katika mfumo wa kawaida hakuna kinachoijulisha tarakilishi kwamba hatua zimepotea. Tarakilishi huamini kuwa meza iko katika milimita 100 ilhali iko katika 98, na kila mkato unaofuata hubeba kosa hilo. Ni kama mtu anayehesabu hatua zake gizani akiwa hajui kwamba aliteleza.

Dawa ya kwanza ni kuchagua kasi na mkato usioilemea mota. Dawa ya pili ni mota yenye enkoda, kifaa kinachosoma mzunguko halisi na kuurudisha kama taarifa. Mfumo huo hujua umepotea wapi, na husahihisha au husimama. Ni ghali zaidi, lakini huipa mashine kiasi fulani cha kile alichokuwa nacho fundi: kuhisi kwamba jambo haliendi sawa.

Lugha ya Amri

Mashine ikishafungwa mota, huagizwa kwa amri ziitwazo amri za G. Lugha hii ina viwango vya kimataifa, kikiwemo kile cha ISO 6983. Msamiati wake ni mdogo. G00 ni kwenda upesi bila kukata. G01 ni kukata kwa mstari ulionyooka. G02 na G03 ni kukata kwa tao, la kwanza kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa na la pili kinyume chake. M03 huwasha mzunguko wa kisu na M05 huuzima. Herufi F hutaja kasi ya kusogea, na S hutaja kasi ya kisu.

Mwanafunzi wa isimu ataona katika lugha hii mambo anayoyafahamu. La kwanza ni udondoshaji. Mstari ukisema G01 X50 F120, na unaofuata ukasema Y30 tu, mashine huelewa kwamba bado inakata kwa mstari ulionyooka na kwa kasi ileile. Amri hubaki hai hadi nyingine iiondoe. La pili ni uonyeshi, yaani namna lugha inavyorejelea mahali. Katika hali ya G90, X60 ina maana ya mahali palipo na alama ya 60 kutoka kwenye chanzo. Katika hali ya G91, X60 ina maana ya kusogea 60 kutoka hapa mashine ilipo. Tofauti yake ni kama ile iliyopo baina ya kumwambia mtu "nenda nyumba ya sita" na "pita nyumba sita".

Tofauti hii yaweza kuvunja mashine. Meza ikiwa kwenye 50 katika G90, X60 huisogeza milimita 10. Ikiwa fundi amesahau kuiondoa G91 iliyotumika awali, meza huenda milimita 60 hadi kwenye 110, na kisu hulivaa jiliwa. Msikilizaji wa Parsons angesita na kumwuliza msomaji kama amesoma sawasawa. Mashine haisiti, kwa kuwa haina muktadha nje ya ule iliopewa. Kwa hivyo mafundi waangalifu huanza kila programu kwa kuzitaja upya hali zote: vipimo ni milimita, hesabu ni kutoka kwenye chanzo, mhimili ni upi. Kisha huiendesha mara ya kwanza kisu kikiwa hewani, juu ya kazi, mkono ukiwa karibu na kitufe cha kusimamisha.

Usalama

Mashine ya mkono husimama mkono unaposimama. Mashine iliyogeuzwa haina adabu hiyo. Kitufe cha dharura hakipaswi kutegemea programu. Chapaswa kuukata umeme wa mota zote na wa kisu moja kwa moja, kwa kuwa programu iliyokwama haiwezi kuombwa ijizime. Swichi za kikomo huwekwa katika ncha za kila mhimili ili meza isijigonge. Magurudumu ya mkono yenye vipini huondolewa, au vipini vyake hutolewa, kwani gurudumu linalozungushwa na mota kwa kasi huweza kumjeruhi aliyesimama karibu.

Vumbi la chuma hupitisha umeme, hivyo vifaa vya elektroniki hufungiwa katika kisanduku. Nyaya za ishara hutengwa na nyaya za mota ya kisu, la sivyo mashine huweza kupokea ishara ambazo hakuna aliyezituma. Umeme ukikatika na kurudi, mashine haijui tena iko wapi. Sharti irudishwe kwenye swichi zake za chanzo kabla ya kazi kuendelea. Katika nchi ambamo umeme hukatika bila taarifa, utaratibu huu si wa hiari.

Suala la Istilahi

Kenya si ngeni katika taaluma hii. Mradi wa gari la Nyayo, ulioanzishwa mwaka wa 1986 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Nairobi, ndio uliozaa Numerical Machining Complex, kampuni ambayo jina lake lenyewe linatangaza uchongaji kwa tarakimu. Kiswahili nacho kina msingi wake. Kitenzi kereza, na nomino kerezo, jiliwa, keekee, tupa, randa na parafujo, ni maneno ya karakana yaliyoingia katika kamusi kabla ya tarakilishi kufika mezani pa mwandishi. Parafujo ilitoka kwa Wareno, na hakuna anayeiona kuwa ngeni leo.

Ugumu hujitokeza tafsiri inapofanywa na mtu asiyeingia karakanani. Mashine ya kuchonga ikiitwa mashine ya kusaga, kwa kufuata neno la Kiingereza, msomaji atafikiria unga wa ugali. Mwanya wa kurudi ukiachwa bila jina, mwanafunzi wa ufundi hataambiwa auchunguze, na mota atakazozifunga zitamharibia kazi asijue sababu. Istilahi ya ufundi haipimwi kwa uzuri wake katika kamusi pekee. Hupimwa kwa kumwezesha anayeisikia kuweka saa ya kupimia mahali panapofaa. Njia iliyo salama ni kuanza na fundi: kusikiliza anaitaje kasoro anayoihisi, kisha kulisanifu neno lake kabla ya kuunda jipya.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mashine ya mkono hugeuzwa kwa kupima udhaifu wake, kuuondoa, kuikokotolea mota hatua zake, kuiandikia amri zisizo na utata na kuilinda isimdhuru mwendeshaji. Katika kila hatua, ujuzi wa zamani wa kupima, kukaza kabari na kusikiliza sauti ya kisu ndio unaoamua kama ujuzi mpya utafaa. Anayejua mashine ya mkono huigeuza vizuri. Asiyeijua huyageuza makosa yake yawe ya haraka zaidi.

Viwandani, tarakimu ziliwatenganisha watu: mmoja akakokotoa, mwingine akasoma, na wa tatu akabonyeza kitufe. Katika karakana ya nyumbani watu hao hurejea kuwa mmoja. Aliyepima mwanya ndiye anayekokotoa hatua, ndiye anayeandika amri, na ndiye anayesimama kando akisikiliza kisu kikiingia katika chuma. Rudy Hertz wa riwaya ya Vonnegut alinyang'anywa utepe wake. Fundi wa karakana ya nyumbani anao wake mkononi. Jukumu la wanafunzi wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba anaweza kuusoma, kuusahihisha na kumfundisha mwanagenzi wake kwa lugha ambayo wote wawili wanaimiliki.